Mkumbushaji wa Tunu

Sheria ilimpa kila kijana anayetibiwa ubongo kwa umeme mkumbushaji mmoja, wa kumsimulia aliyoyasahau kwa sababu ya tiba hiyo. Tunu, mwenye miaka kumi na sita, alimchagua mama yake mdogo, Rahma. Mara tano baada ya tiba, Sauda, mama mzazi, aliketi nje akisikiliza vicheko vyao.

Ilipofika tiba ya sita, Rahma aliugua, Sauda akaingia badala yake. Matibabu yalikuwa yamefaulu: Tunu alikula, na hakutaka tena kufa.

"Mama, nani alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda changu, akikoroma kama trekta?"

Alikuwa Rahma, kwa miezi minne.

"Mimi, mwanangu."

Tunu akacheka. "Na mama mdogo?"

"Huyo alikuwa na shughuli zake."