Vidonge Jivuni

Ulimi wa Bibi Fransiska haukuenea tena kinywani. Ulikuwa umevimba ukatokeza nje ya midomo, na kila pumzi aliyovuta ilikoroma. Mwanawe Teodori alimpakata kwenye bajaji kutoka Mazwi hadi hospitali, amemfunika blanketi kwa ile baridi ya Julai.

"Vumilia, mama. Tunafika."

Tangu kiharusi kimpate, mama alibakiwa na maneno machache. Sasa alihangaika mpaka akatoa moja.

"Adela."

Teodori aliuma meno. Masikini mama, hata katika kukata roho anamtaja mbaya wake.

Adela alikuwa mke wa Teodori. Ndiye aliyempikia mama na kumnywesha dawa ya presha. Midomo ya mama ilipovimba mara ya kwanza, Teodori alilaumu mapishi. Uvimbe ukaisha, ukarudi. Kisha zikaja wiki mbili njema, mama akala akashiba, akacheka. Ndipo Teodori, akichochea moto, alipokuta vidonge vya presha vimefukiwa kwenye jivu la mafiga. Vyote vya wiki mbili.

"Vinamdhuru mama," Adela alilia. "Mwangalie tu alivyo siku hizi!"

"Mama kakupenda kama mwanawe, wewe unamnyima dawa afe? Kweli shukrani ya punda mateke."

Siku ileile alimpandisha basi la kijijini kwao, Kate. Tangu hapo hakumwamini mtu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimnywesha mama kidonge kwa mkono wake mwenyewe, hata mama alipofumba mdomo na kugeukia ukutani. Alibembeleza mpaka akameza. Alimpenda mno.

Madaktari walihangaika na mipira na hewa ya mtungi. Kabla ya adhuhuri Bibi Fransiska alikata roho.

Daktari alitoka na pakiti ya dawa aliyokuja nayo Teodori, akaketi karibu naye kwenye benchi.

"Pole sana, baba. Dawa hii ni nzuri, ila kuna wachache sana inawavimbisha ulimi. Wakiiacha, wanapona." Akaigeuza ile pakiti. "Mama hakuwahi kuiacha, hata kwa siku chache?"

Teodori aliitazama mikono yake.

"Wiki mbili," alisema. "Mke wangu alikuwa akiifukia jivuni."