Kisogo cha Babu

Siku hizi kila mtoto huvalishwa helmeti akiwa na miezi minne, na haivuliwi moja kwa moja mpaka kichwa kilingane na kipimo cha serikali. Makame wangu alizaliwa na kisogo bapa. Mama mkwe alikuwa akikipapasa kila alipomwogesha, saa ile moja ya siku tunayoruhusiwa kuivua.

"Hiki ni cha babu yake," alisema. "Kiache, mwanangu."

"Ni sheria, mama."

Leo kliniki imewavua watoto kumi na wawili helmeti zao kabisa. Tuliwakuta wameketi mkekani, wametupa mgongo, visogo vyote vya mviringo, sare zilezile.

"Kila mtu amchukue wake," alisema muuguzi.

Mama mkwe alinyoosha mikono, kisha akairudisha.

Tukasubiri mmoja ageuke.