Mtumbwi wa Pembeni

"Hapana, Bwana. Mutumbwi iko moja tu," Cécilia alisema, akairudisha karatasi ya mzungu kwa ncha ya kidole.

Bwana Fernand, wakala wa kampuni ya vitambaa, alikuwa amechora safu nzima za mitumbwi, imenyooka kama askari siku ya gwaride. Katika magazini yake, duka la kampuni hapa Kasongo, vikwembe vya buluu vyenye mbegu nyeupe vilikuwa vimerundikana hadi darini. Wanawake walikuwa wamevichoka. Ndiyo maana alimwita Cécilia. Sokoni kitambaa hakinunuliki mpaka Cécilia akipe jina, na akishakipa, wanawake wanakigombania. Lakini safari hii Bwana Fernand alitaka zaidi ya jina. Alitaka mchoro wa kupeleka Ulaya.

Cécilia alikuwa nao. Alitoa kwapani kikwembe cha buluu kilekile kilichozoeleka, akakunjua pembe moja tu. Karibu na pindo, umelala upande, ulikuwapo mtumbwi wa kahawia.

"Kwa nini haiko katikati?" mzungu akauliza.

"Ni pale ilitokea."

"Lakini mutumbwi iko na ncha mbili. Hii iko na moja."

"Ile ingine iko ndani ya maji."

Bwana Fernand alicheka, akaunakili. Rangi tu ndiyo iliyomsumbua, kwa sababu hajapata kuiona katika kopo lolote. Alipouliza inatengenezwaje, Cécilia alisema ni ya kwao ya nyumbani, akakikunja kikwembe haraka. Mzungu akatikisa kichwa. Wanawake hawa na siri zao!

Sasa, kikwembe chenyewe hakikuwa cha Cécilia, na hapo ndipo penye kazi. Kilikuwa cha wifi yake, Apolline, aliyeolewa huko Kabambare, zawadi ya mumewe alipojifungua mtoto wa kwanza. Cécilia alikiazima aende nacho ubatizoni Nyangwe. Huko ndiko mtumbwi ulikomjia, asubuhi, akijitayarisha kwenda kanisani. Ulimjia ghafla. Lukumani, mumewe, alisikia ukelele, akakimbia na panga akidhani ni nyoka.

Tangu siku hiyo Cécilia hakuwa na amani. Wifi gani atakubali nguo yake igeuzwe karatasi ya kuchorea? Kila lori la pamba lililotoka Kabambare lilileta salamu za Apolline, na salamu zenyewe zilikuwa na meno. Mwishowe dereva alileta maneno haya: "Pasaka ninakuja. Kama kikwembe yangu haiko, nitakuita mwizi mbele ya ukoo muzima."

Cécilia aliogopa, tena sana. Mwanamke akiitwa mwizi na wifi yake, nani atamwazima hata chumvi? Mambo ya nyumbani yakamponyoka. Mwaka mzima Lukumani alikwenda ofisini na mashati yenye makunyanzi, wala hakuthubutu kuuliza. Majirani walisema ndivyo walivyo watu wenye vipaji.

Vitambaa vipya vilifika siku chache kabla ya Pasaka: buluu, mbegu nyeupe, na pembeni mtumbwi mmoja umeinama. Cécilia alivipa jina, Mutumbwi ya Nyangwe, na magazini ikageuka uwanja wa mieleka. Jirani yake Emilienne alieleza soko zima kwamba mtumbwi umeinama kwa sababu mume ameupakia mke wa pili. Baada ya hapo, hata wasiokuwa na haja ya kikwembe walikitaka.

Asubuhi ya Pasaka Apolline aliteremka kwenye lori akiwa na hasira yake. Alipofika kwa kaka yake alikuwa na wivu pia, maana njia nzima aliona mitumbwi, na magazini haikubaki na kipande.

"Yangu iko wapi?"

Cécilia alipiga magoti, akampa kwa mikono miwili. Apolline akakunjua. Buluu ilikuwa yake, mbegu zilikuwa zake, hata uzi mwekundu aliouweka mwenyewe kwenye pindo ulikuwapo. Na pembeni, mtumbwi.

"Wifi, ni kwa yako nilianzia," Cécilia alisema. "Hizi zingine zote, Wazungu walinakili hapa. Yako ndiyo mama yao."

Apolline alikiinua kikwembe kwenye mwanga wa mlangoni. Kisha, taratibu, akatabasamu. Kengele ya kanisa ikaanza kulia.

"Lakini imejikunjakunja," akasema. "Nipe pasi."

"Pasi haiko!" Cécilia akajibu, haraka mno.

Apolline alikuwa amekwisha kuinama chini ya kitanda. Akaivuta pasi ya makaa, ileile iliyokwenda Nyangwe, imejaa utando wa buibui, akaifuta. Akatandaza kikwembe mezani, akaiweka pasi pale pembeni ili kisiteleze wakati anakwenda kuchota makaa jikoni.

Ilikaa juu ya mtumbwi, ncha kwa ncha, kitako kwa kitako, na kahawia yote ikapotea chini yake.

Apolline aliiinua pasi, akaishusha, akaiinua tena.

"Mama Apolline!" Emilienne aliita mlangoni, na nyuma yake kundi la wanawake. "Ni kweli yako ndiyo ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa," Apolline alijibu, akijifunga kikwembe bila kumwondolea wifi yake macho. "Alinichorea kwa mukono yake mwenyewe."