Ripoti ya Dari Iliyoanguka

Siku dari ya ghala ilipoanguka walikuwapo Kiboko mwenye ghala, Korongo karani wake, Kanga na Punda. Aliyevunjika mguu ni Punda, na huyo huyo ndiye aliyetafutiwa sababu ya kufukuzwa. Kanga alikuwa akimfunga kitambaa taratibu wakati Korongo aliponyoosha shingo na kusoma ripoti.

“Punda alipiga chafya. Hivyo basi, dari ikaanguka. Aidha, aliweka mguu wake chini ya boriti bila kibali. Kwa mantiki hiyo, afukuzwe.”

“Hiyo ndiyo ripoti!” Kiboko akafurahi. “Imeshikana kama ugali wa msibani.”

Nani angebishana na “kwa mantiki hiyo”?

Kanga akauliza kwa upole, “Karani wetu, na mzee mwenyewe alikuwa wapi?”

Korongo hakuzoea kuacha sentensi ikae peke yake. “Mzee alikuwa amepanda kulala juu ya dari,” akajibu. “Hivyo basi...”

Wote wakalitazama tumbo la Kiboko, kisha tundu la juu.

“Malizia, baba,” Kanga akamwambia Korongo. “Ulianza vizuri.”

Punda alibaki kazini. Kiboko siku hizi analala chini.