Bata wa Pili

Mjukuu wangu alisimama jukwaani peke yake, mdomo wa karatasi puani. Mtoto aliyekuwa bata mwenzake aliamka na homa, hakuja.

Katika mchezo wao wa Kiingereza, bata bukini mmoja ni "guus", wawili ni "giis". "Guus" aliisema vizuri. Kisha akatazama pembeni pasipo na mtu, kidevu kikaanza kumtetemeka.

Nikainuka. "Mwalimu, nipe ule mdomo wa pili."

"Bibi, lakini ngazi..."

"Ngazi niachie mimi, mwanangu."

Nikauvaa, uzi ukanibana masikio. Nikapanda huku magoti yakilia, nikitikisa mkia nisio nao.

"Bata mzee huyo!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Sijazeeka, nimenona!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mjukuu wangu akanishika mkono, akavuta pumzi:

"Giiiis!"