Mlango Uliopigiliwa Misumari

Severina aliporudi kutoka kumuuguza mama yake, baada ya miezi mitano, hakuingia hata ndani. Alipitiliza hadi bandani. Mtamba wake alisimama katika tope la mavi na mkojo, mguu mmoja kaukunja. Kwato zilikuwa zimerefuka na kupinda juu kama ndala zilizosahaulika juani.

"Hukumtoa malishoni hata siku moja?"

"Ng'ombe wa gredi, wa kisasa kama huyu, hatembezwi," alisema Lubango, mumewe, ndani ya mabuti yake ya mpira. "Mlango nimeupigilia misumari kabisa. Nyasi namletea hapahapa. Si unaona alivyonenepa?"

Severina aliruka mbao za mlango, akaushika ule mguu, akabonyeza katikati ya kwato. Usaha ukamrukia mkononi. Mtamba akatetemeka mwili mzima.

"Vua mabuti."

"Ati nini?"

"Vua, Lubango! Uingie usimame humu wewe. Nyasi nitakuletea."

Lubango alicheka, akakohoa. Severina alikuwa ameshachukua shoka. Aliupasua mlango ubao kwa ubao, hakupumzika.

Mtamba alichechemea hadi penye nyasi, akasita, mguu ukining'inia. Severina alimtazama bila kupepesa. Nyuma yake alisikia buti la kwanza likichomoka.