Nishikie, Shoga

Tangu kungoja kupigwe marufuku, Bi Mize hajamaliza hata pima moja ya ukili wa mkeka. Zamani hospitalini wanawake walijaa mabenchini wakisuka na kupiga soga, na aliyeitwa kwa daktari alimwachia jirani ukili wake usije ukafumuka. “Nishikie, shoga.” Siku hizi kila mtu huitwa na sauti ya ukutani kwa dakika yake, peke yake.

Leo kaja mapema makusudi, ukili na miyaa ya kuusukia kwapani. Hajakaa vizuri, ukuta ukamwita.

“Ngoja nifunge ncha, mwanangu.”

“Hatumngojeshi mtu, bibi. Karibu ndani.”

Akainuka, na kwa mazoea akaligeukia benchi tupu. “Nishikie, shoga.”

“Samahani, bibi,” ukuta ukajibu kwa adabu. “Sina mikono.”